Chombo Ni Mfano Tu

Mchungaji alisoma matangazo ya Jumapili kwa sauti yake ya siku zote, misiba kwanza, kisha harusi, kisha uchimbaji wa choo kipya nyuma ya kanisa, mpaka alipofika kwenye kitabu cha Araba Essuman. Hapo akasita. Akaigeuza karatasi kuona kama kuna maelezo zaidi upande wa pili, akakuta patupu, akairudisha. Kisha akasoma kwamba dada yetu mkunga ameandika kitabu kiitwacho *Mtoto Asiye na Siku*, kwamba kitazinduliwa katika ukumbi wa kanisa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na kwamba ni hadithi ya kisayansi kuhusu watu wa hapa Saltpond wanaosafiri kwenda kwenye nyota nyingine.

Kicheko hakikuwa kikubwa. Kingekuwa kikubwa kingepita. Kilikuwa kile cha watu wanaojizuia kanisani, kicheko cha mabega, kikaanzia kwa kwaya kikatambaa mpaka benchi la wazee wa kanisa. Hapo alikaa Ebo Essuman, mume wa Araba, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya misheni. Ebo alifungua kitabu cha nyimbo akaanza kutafuta wimbo ambao hakuna aliyeutaja.

Nje, baada ya ibada, wanaume walimzunguka. Mmoja alimuuliza kama bakuli lake la fufu sasa litakuwa linashushwa kwa kamba kutoka juu. Mwingine alitaka kujua kama waumini wa huko nyotani watatoa michango yao huko huko au wataileta hapa. Ebo alicheka pamoja nao, na kucheka huko kulimchosha kuliko hasira. Aliyemmaliza ni dada yake wa kuzaliwa, Ekua, muuza vitambaa sokoni, ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza sauti.

"Wifi yangu kazalisha Saltpond nzima," Ekua aliwaambia watu wote waliokuwa ngazini. "Sasa kaona tumekwisha, anawafuata wa nyotani."

Hata Araba alicheka. Ilikuwa njia rahisi ya kushuka ngazi. Lakini alipofika chini aliona wanawake wenzake wa chama cha kanisa wakimtazama kwa upole mpya, upole anaopewa mtu aliyeanza kusahau mambo. Angeandika kitabu cha mume mlevi wangemuuliza kwa siri ni mume wa nani, na wangekisubiri kwa hamu. Ameandika chombo cha angani, basi wakamuuliza kama siku hizi anapata usingizi.

*

Walikula kenkey ya mahindi na samaki wa kukaanga, kisha Ebo akaosha mikono. Ndipo akasema kwamba Mchungaji alikuwa amemwita pembeni. Ukumbi ulitolewa kwa ajili ya kitabu, Mchungaji alisema, na yeye alidhani kitabu ni kitabu. Kama ni mambo ya roketi, baraza la kanisa lingeona heri shughuli ifanyikie kwenye banda la chakula la shule. Tena Mzee Kwamena Otoo, aliyekubali kuwa mwenyekiti wa uzinduzi, alikuwa amepiga simu kuuliza kama ni kweli ndani mna roboti.

"Hamna roboti," Araba alisema.

"Nilimwambia hivyo."

"Umejuaje?"

Ebo alijifuta mikono kwa taulo. Alikianza kitabu hicho mara mbili. Mara zote mbili alifika pale chombo kinapotajwa, akakiweka chini haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu. Kwa miaka mingi alikuwa akiwanyang'anya wanafunzi vijitabu vyenye picha za roketi, akiwaambia mbele ya wenzao kwamba mtoto anayesoma upuuzi atakua mpuuzi. Baadhi ya wanafunzi hao sasa walikuwa baba za watu. Ndio hao waliomzunguka nje ya kanisa.

Pale Saltpond, kama miji mingi ya pwani ile, kitabu huzinduliwa kwanza, kusomwa ni baadaye, na mara nyingi baadaye hiyo haifiki. Mwandishi husoma kipande, mchambuzi anayeheshimika husimama akawaeleza watu kilichomo, kisha nakala ya kwanza hupigwa mnada. Anayeinunua kwa bei ya juu hanunui kitabu, ananunua jina lake kutajwa. Kwa hiyo neno la mchambuzi ndilo kitabu chenyewe. Likiwa jema, wakubwa hufungua mifuko. Likiwa la kutia shaka, hukumbuka kwamba wana msiba mahali.

Mchambuzi alikuwa Mwalimu Amissah, aliyefundisha fasihi sekondari mpaka alipostaafu. Alimfundisha Mchungaji. Alimfundisha Ebo pia.

"Mama Fiifi," Ebo alisema. Alimwita hivyo, kwa jina la mtoto wao wa kwanza, alipokuwa na ombi. Akitaka ugomvi alimwita Araba. "Mwalimu Amissah akija, msikilize. Atakachoshauri, kikubali. Sikuombi zaidi ya hapo."

Araba alikusanya sahani. Alitaka kumwambia kwamba kitabu hicho amekiandika kwa miaka minne kwenye meza hiyo hiyo, mbele ya macho yake, na kwamba muda wote huo Ebo alidhani anaandika mapishi. Badala yake akauliza kama supu ya jana ipashwe moto au atakula asubuhi.

*

Mwalimu Amissah alikuja Alhamisi mchana na mwavuli wake, akakataa soda, akaomba maji. Alikuwa na kitabu kwenye bahasha ya kaki. Alikitoa kwa mikono miwili.

Alisema amekisoma chote. Alisema kwamba alipofika mahali mtoto anapozaliwa, na bibi yake anauliza ni siku gani na hakuna wa kumjibu, alilazimika kuvua miwani. Mke wake alimkuta akilia na akadhani amepata habari za msiba.

Araba hakujua aweke mikono wapi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno kuhusu kitabu kile ambalo halikuwa mzaha. Ebo, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, alinyoosha mgongo.

"Kwa hiyo nimefurahi," Mwalimu Amissah aliendelea, "kugundua kwamba si hadithi ya kisayansi."

"Ni hadithi ya kisayansi, Mwalimu."

"Hapana, binti yangu. Zile nazijua. Zile ni za kupigana na mijitu ya kijani. Hiki ni kitabu kizuri."

Alisema bila dharau yoyote. Alikuwa mzee mwungwana, na aliongea kama anayempa mgonjwa majibu mema ya vipimo. Akaeleza mpango wake. Atawaambia watu kwamba chombo ni mfano. Chombo ni kanisa, ni safina, wasafiri ni sisi, nyota ni uzima wa milele. Mtoto asiye na siku ni kizazi cha leo kilichopoteza mila. Baraza la kanisa litaridhika, na Mzee Otoo hatakuwa na sababu ya kuogopa roboti.

Araba akamweleza jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu. Kwamba kuna mara moja wodini umeme ulikatika, saa ya ukutani ilikuwa imesimama tangu zamani, na mtoto akazaliwa katikati ya usiku bila mtu kujua kama ni kabla au baada ya saa sita. Bibi wa mtoto alikataa kuondoka. Alisema hawezi kumpeleka mjukuu nyumbani bila kujua ni Adwoa wa Jumatatu au Araba wa Jumanne, kwa sababu roho huitwa kwa siku yake, na ukiiita kwa siku ya mwingine haigeuki.

"Basi andika hilo!" Mwalimu Amissah alisema, na macho yake yakang'aa. "Hilo ni jambo la kweli. Kwa nini ulipandishe angani?"

"Kwa sababu wodini nilitoka nje nikamuuliza mlinzi, akatazama simu yake, kesi ikaisha. Bibi akaondoka ameridhika. Nilitaka mahali ambapo hakuna wa kumuuliza." Alisita. "Chombo ni chombo, Mwalimu. Kikiondoka, hakuna kisa."

Mzee alimtazama kwa huruma. Akasema kwamba msomaji mzuri huona kilicho nyuma ya maneno, na kwamba waandishi wengi hawajui walichoandika. Kisha akageuka kwa Ebo, mwanafunzi wake wa zamani, akamuuliza kama naye haoni hivyo.

"Naona hivyo, Mwalimu," Ebo alisema.

Araba alimtazama mume wake. Shati lake la kazini lilikuwa limepigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama wembe, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayengoja kuambiwa kama atapigwa au la. Wodini ameona nyuso nyingi za namna hiyo, na kazi yake imekuwa kuzipoza. Akasema Mwalimu afanye anavyoona inafaa.

*

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Familia ilivaa sare ya kitambaa cha buluu na nyeupe ambacho Ekua alikitoa dukani kwake kwa bei ya ndugu, akihakikisha kila aliyekivaa anajua ni bei ya ndugu. Spika zilipiga nyimbo za injili mpaka viti vikatetemeka. Mzee Otoo, mwenye maghala ya samaki wa barafu kutoka hapo mpaka Mankessim, alikaa katikati ya meza kuu na feni yake mwenyewe. Nakala ya kwanza ilikuwa mbele yake juu ya mto mdogo, imefungwa utepe wa dhahabu kama keki.

Mchungaji aliomba. Kisha Araba akaitwa kusoma.

Alisoma kwa sauti ya wodini, ile ya kumwambia mtu asukume na asisukume. Alisoma pale mtoto wa kike anapozaliwa chomboni. Mkunga amekata kitovu, amekishika kwenye kitambaa, na hajui atakizika wapi, maana ndani ya chombo kizima hakuna udongo ila ule wa kwenye vyungu vya mboga, ambao ukishavunwa huchanganywa upya. Bibi wa mtoto anauliza siku. Nahodha anakuja na majibu mawili. Saa ya chombo inasema Jumatano. Lakini saa inayohesabiwa kwa ajili ya nyumbani inasema Ijumaa, tena Ijumaa ya mwaka mwingine, kwa kuwa kwa mwendo ule mkali wa chombo muda hauendi sawa kwa aliyeondoka na aliyebaki. Kwa hiyo mtoto ni Ekua wa Jumatano, na mtoto ni Efua wa Ijumaa. Bibi anamwambia nahodha, sikuulizi saa zako zinasema nini, nakuuliza mjukuu wangu nimwiteje ili ageuke.

Mwanzoni, neno *chombo* lilipotajwa, mabega yalitikisika tena. Kisha yakatulia. Kwenye mstari wa tatu mwanamke mmoja alisema taratibu, "Efua." Aliyekaa nyuma yake akamkatalia kwa kugonga ulimi. Mtu mwingine akasema wasubiri kwanza chombo kitue. Araba aliinua macho akaona kitu alichokijua kutoka kwenye wodi, watu waliosahau kwamba wanatazamwa. Ekua, kwenye viti vya familia, alikuwa na mdomo wazi.

Hapo Mwalimu Amissah akasimama.

Alisifu sana. Alisema dada yetu ametuletea kitabu kizito, na watu wasidanganyike na mambo ya angani yaliyomo, kwani hayo ni nguo tu, na mwenye hekima haoi nguo. Alisema chombo ni safina. Alisema mwendo ule mkali ni maisha ya siku hizi. Alisema wale waliosikia kwamba hii ni hadithi ya roketi wamesikia vibaya. Ukumbi ulishusha pumzi. Watu waliokuwa wameinama mbele wakaegemea nyuma, wakaanza kujipepea. Mwanamke wa mstari wa tatu akatoa simu.

Mzee Otoo akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti. Yeye ni mtu wa biashara, alisema, na kabla ya mnada anapenda kusikia kutoka kwa mwenye mali.

"Mkunga, mbele ya Mungu na watu hawa. Hicho chombo ni mfano?"

Araba alisimama. Alimwona Mchungaji akiitikia kwa kichwa kumsaidia, kama mwalimu wa shule ya Jumapili anayemtamkia mtoto mstari wa kwanza. Alimwona Mwalimu Amissah akitabasamu. Alimwona Ebo, ambaye hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiwatazama wanaume wa ngazini, waliokuwa wamekaa pamoja upande wa kushoto, kuona kama watacheka.

"Hakuna chombo, mzee," alisema kwenye kipaza sauti. "Ni mfano tu."

Wakapiga makofi. Yalikuwa makofi mazuri, ya moyo, na kila kofi lilimpata usoni. Ebo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Mnada ukaanza, mshereheshaji akawachokonoa wakubwa mmoja mmoja kwa majina na utani, na Mzee Otoo akawapita wote kwa kutamka kiasi kilichofanya kwaya isimame na kuimba. Akabeba mto na kitabu juu ya kichwa ili apigwe picha.

*

Wali wa jollof ulipoanza kugawiwa, Araba alipelekwa kukaa kwenye meza ya vitabu awatilie watu sahihi. Walikuja kwa mstari wakanunua. Kila mmoja alimpongeza kwa mfano mzuri. Mmoja alimwambia yeye hasomi hadithi, ila kwa kuwa hii si hadithi, atamsomea mume wake jioni. Araba aliandika majina yao na kuwashukuru. Akajiambia kwamba imekwisha, kwamba vitabu vinatoka, kwamba mtu mzima akishameza kitu hakitemi mezani.

Ekua alikuja na sahani yake, akala amesimama. Alikula paja zima la kuku kabla ya kusema.

"Wifi. Hebu niambie. Kama chombo ni mfano, yule mtoto kazaliwa wapi?"

Araba alisema amezaliwa... kisha akakosa mahali pa kusema.

"Si kazaliwa nyumbani?" Ekua aliweka sahani juu ya vitabu. "Kama kazaliwa nyumbani, jua linachomoza, jogoo anawika, siku inajulikana. Sasa yule bibi analia nini? Mjinga?"

"Si mjinga."

"Basi chombo kipo."

Mstari ulikuwa umesimama. Wanawake wawili wa chama cha kanisa walikuwa nyuma ya Ekua na vitabu vyao mkononi. Araba alifunga kalamu.

"Kipo, wifi."

"Na mbona ulisema hakipo?"

Lilikuwa swali la kawaida. Ekua aliuliza kama anayeuliza kwa nini chumvi haikuwekwa. Lakini Araba alihisi joto likimpanda kutoka kifuani mpaka masikioni, na akaona kwamba angeweza kudanganya tena, kwamba uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza.

"Niliona haya," alisema. "Mlinicheka pale ngazini. Na wewe ndiye uliyeanza."

Ekua aliichukua sahani yake tena. Akaitazama kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo. Ila sauti iliyotoka baadaye haikuwa ile ya sokoni.

"Mimi naona ni Ekua," alisema. "Siku ni ya pale ulipo. Mimi nilizaliwa Jumatano ya Saltpond, sikuzaliwa Jumatano ya London."

Mwanamke wa kwanza akakataa. Roho inatoka nyumbani kwa wahenga, alisema, kwa hiyo saa ya nyumbani ndiyo inayohesabiwa, mtoto ni Efua. Wa pili akasema wasubiri watue. Ekua akamuuliza safari ni ya miaka mingapi. Araba akasema arobaini. "Arobaini!" Ekua akasema. "Na siku zote hizo ukitaka akuletee maji utamwita nani, wewe-pale?" Wakacheka, lakini hiki kilikuwa kicheko kingine, kicheko cha watu wenye kazi mkononi. Wengine wakasogea kuuliza kuna nini. Wakaelezwa kwamba chombo kipo. Dakika si nyingi meza ilikuwa imezungukwa, na kitovu kikawa kesi ya pili, wengine wakitaka kikaushwe kingojee ardhi, wengine wakisema chungu cha mboga kinatosha kwani udongo ni udongo. Mchungaji, aliyepita kutafuta maji, aliulizwa huko juu Jumapili itajulikanaje, akaanza kujibu kabla hajagundua anajibu nini.

Fujo hiyo ndiyo iliyomleta Mzee Otoo. Alikuja na nakala yake chini ya kwapa, utepe bado umefungwa, na Ebo nyuma yake akiwa na sura ya mwenyeji anayemsindikiza mgeni. Watu walimpisha.

"Mkunga," Mzee Otoo alisema, "mimi ni mtu wa samaki. Katoni ikiandikwa kibua, nikifungua nataka nikute kibua. Nimenunua mfano, na bei nimeitaja mbele ya watu. Sasa nasikia chombo. Nimenunua nini?"

Hakuongea kwa ukali. Nyuma yake, kwenye meza kuu, Mwalimu Amissah alikuwa amesimama nusu, mkono mmoja juu ya meza, akijaribu kusikia. Araba alijua kwamba neno moja lingemrudisha mzee kwenye feni yake ameridhika. Alijua pia ahadi ile ya mnada ndiyo iliyokuwa imlipe mchapaji aliyekuwa bado anamdai.

"Chombo, mzee. Nilichokusomea ndicho kilichomo. Nilichokujibu baadaye kilikuwa uongo."

Mzee Otoo alifikiri. Kisha, kama afanyavyo mtu mwenye busara mwanamke anaposema jambo zito, alimgeukia mumewe.

"Mwalimu Mkuu. Wewe ndiye unayekaa naye. Wewe ndiye mwenye elimu. Kipo au hakipo?"

Ebo alifungua mdomo. Wanaume wa ngazini walikuwa wamesogea wakasikia swali. Mchungaji alikuwa na glasi ya maji mkononi. Araba aliona mume wake akilitafuta jibu mahali ambapo hakuwahi kuliweka, na mkono wake mwenyewe ukaanza kuinuka, mkono wa miaka mingi wa kumfichia, wa kusema *baba Fiifi amechoka, mzee, shule imekuwa na ukaguzi.* Akaushusha mkono juu ya meza.

"Sijakisoma, mzee," Ebo alisema.

Hakuna aliyecheka. Angecheka mtu mmoja tu, Ebo angepata pa kushika. Dada yake alimwita jina lake, "Ebo," basi, kwa sauti ambayo mama yao aliitumia alipomkuta amelala na miguu michafu.

Mzee Otoo alikohoa. Akakiweka kitabu mezani polepole na utepe wake, akakinyoosha kikawa sawa na ukingo. Alisema yeye hadithi za roketi haziwezi, si kosa la mtu, macho yake hayakuzoea. Kuhusu ile ahadi, alisema, tutazungumza. Saltpond yote inajua kwamba Mzee Otoo akisema tutazungumza, mazungumzo yamekwisha. Alimpa Araba mkono, akampa Ebo mkono, akaondoka na dereva wake aliyebeba feni. Mwalimu Amissah alichukua mwavuli. Alipopita mezani alisimama kidogo, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba alitaka tu kisomwe na watu. Araba akamwambia anajua. Hakuwa na zaidi, kwa kuwa mzee hakudanganya mtu. Aliyedanganya ni yeye.

Watu wakaanza kutawanyika na sahani zao za kubeba nyumbani. Kesi ya jina iliendelea mlangoni, Ekua akiwa hakimu na mshitaki. Kwenye meza Araba alibaki na vitabu ambavyo havikuuzwa na aibu mbili. Hakuwa na hakika ipi ingemkaa zaidi, ya kumkana mtoto wake kwenye kipaza sauti au ya kumwacha mume wake asimame uchi mbele ya watu aliowalea.

Ebo alikuwa bado amesimama pale pale. Kisha akachukua kile kitabu alichokiacha Mzee Otoo. Utepe ulikuwa umefungwa kwa fundo gumu, akahangaika nao kwa vidole, akaukata kwa meno. Akavuta kiti kimoja cha plastiki kutoka kwenye safu iliyokuwa inapangwa, akakaa katikati ya ukumbi na suti yake ya sherehe, akafungua mwanzo.

Araba alitaka kumwambia akasome nyumbani. Hakumwambia.

Mwanamke wa usafi alifika na ufagio, akasubiri, kisha akamwomba Mwalimu Mkuu anyanyue miguu. Ebo akainyanyua yote miwili, akaishikilia juu huku anasoma, midomo yake ikitembea kidogo kama ya wanafunzi wake. Aliposhusha miguu aliinua kichwa. Kwenye mlango wa kushoto wale wanaume walikuwa bado hawajaondoka, na mmoja alikuwa amemgusa mwenzake kiwiko. Masikio ya Ebo yakapata moto. Akalamba kidole, akafunua ukurasa.